Wapwa Hawamo Kwenye Hesabu

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilikuwa karani wa mishahara katika ofisi moja mjini Kilosa. Kila mwisho wa mwezi, hati za mshahara zikishatoka, kuna swali lililofika dirishani kwangu bila kukosa. Muulizaji alikuwa baba wa watoto watano, au dada anayesomesha wadogo zake, au kijana aliyeachiwa yatima wa kaka yake. Mkononi ana hati yake na ya mwenzake ambaye hajaoa, hana mtoto, na wazazi wake wanajiweza. Mishahara yao iko sawa. "Mhasibu, mbona kodi yetu ni ile ile? Huyu anarudi nyumbani peke yake, mimi nasubiriwa na watu wanane."

Nilimjibu kama sheria inavyosema. Kodi ya mapato ya mshahara, ile tunayoiita PAYE, inamtazama mtu na kipato chake, basi. Jedwali lake halina safu ya mke wala mume, halina safu ya mtoto, halina safu ya mama mzazi aliyeko kijijini. Jibu hilo lilikuwa sahihi, nami nililitoa kwa heshima, lakini halikuniridhisha hata siku moja, kwa sababu mimi mwenyewe nimetoka mahali ambapo mshahara haujawahi kuwa wa mtu mmoja.

Kwetu ni Kidete, kijiji cha stesheni kwenye Reli ya Kati, ukishapita Kilosa kuelekea Gulwe na Dodoma, katika bonde la Mto Mkondoa. Ni ile sehemu ya njia ambayo mto ukifura reli inaondoka, kama ilivyokuwa kwenye mafuriko ya mwisho wa 2009 na Januari 2010. Wenyeji wa upande huu, Wasagara na Wakaguru, hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamume mwenye wadhifa juu yake, pamoja na baba, ni mjomba. Mjomba ndiye anayeitwa mambo yakiharibika shuleni, ndiye anayekaa mbele mahari ikizungumzwa, na akiwa na mshahara ndiye anayetafutwa karo inapodaiwa. Nilipoanza kazi miaka ya 1980 sikuwa na mke wala mtoto. Karani mwenzangu akaniambia nina bahati, mshahara wote ni wangu. Mwezi huo huo dada yangu alinitumia mwanawe wa kwanza kwa treni, na sanduku la mbao, na barua fupi iliyosema: "Mjomba wake upo."

Kabla ya kuilaumu sheria ya leo lazima niseme kwamba kuna wakati serikali ilizihesabu familia zetu, na ilizihesabu kwa ubaya. Wajerumani walitoa amri ya kodi ya nyumba mnamo Novemba 1897, na ukusanyaji ukaanza 1898. Vijijini kila nyumba ilitozwa rupia 3 kwa mwaka, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa mazao au kwa nguvu zake. Mwanamume mwenye wake watatu, kila mke na nyumba yake kama desturi ilivyotaka, alidaiwa mara tatu. Mjane aliyejengewa kibanda na wanawe aliongeza deni la wanawe. Nyumba ikikua, kodi inakua. Watu walijifunza kubanana, mama na mkwe katika nyumba moja, ili mhesabuji akipita aone paa chache. Kodi hiyo hiyo ndiyo iliyowasukuma vijana kwenda kutafuta rupia kwenye ujenzi wa reli, iliyoanza Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, na baadaye kwenye mashamba ya mkonge ya Kimamba na kwingineko. Waingereza walipochukua nchi waliiendeleza kodi ya nyumba na kuiongezea kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na nyumba, na mwenye wake wengi akaendelea kutozwa zaidi.

Kodi ya mapato yenyewe iliingia Tanganyika mwaka 1940, wakati wa vita, na ikaja na sura tofauti kabisa. Sheria ya pamoja ya Afrika Mashariki ya mwaka 1952, na ile ya 1958 iliyoifuata, zilimpa mlipaji nafuu akiwa ameoa, zikampa nafuu kwa watoto wake, zikampa nafuu kwa bima ya maisha. Ni utaratibu uliotoka Uingereza, na kwa vile mishahara ya Waafrika wengi ilikuwa midogo mno kuguswa na sheria hiyo, waliofaidi nafuu zake walikuwa hasa maofisa wa kizungu na wafanyabiashara. Tazama jinsi mambo yalivyokaa: katika nchi moja, chini ya serikali moja, mtoto wa meneja wa shamba la mkonge alipunguza kodi ya baba yake, na nyumba ya mke wa pili wa mkata mkonge iliongeza kodi ya mumewe. Wapare walipinga kwa wingi kodi ya namna nyingine, mbiru, iliyodai kumpima kila mtu kwa mali yake. Mwaka 1945 maelfu walishuka milimani wakapiga kambi Same, na wake zao nao wakasimama nao, hadi watawala wakaiacha mnamo 1947. Hawakukataa kuchangia. Walikataa kupimwa na watu wasiowaeleza kipimo.

Kodi ya kichwa niliyoishuhudia mwenyewe ni ile iliyorudi miaka ya 1980 baada ya serikali za mitaa kurejeshwa, ikiitwa kodi ya maendeleo. Kijijini hakuna aliyesema kodi ya maendeleo. Ilikuwa kodi ya kichwa, na mgambo waliijua saa ya treni kuliko wasafiri. Abiria wakishuka Kidete alfajiri, mgambo wako kwenye ukingo wa stesheni wanataka risiti. Kijana asiye nayo alirukia upande wa pili wa behewa, akavuka njia na kupotelea kwenye mahindi.

Wazee waliotimiza miaka 60 walisamehewa, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo limenifaa ofisini hadi nastaafu: msamaha wa kodi ni wa yule anayeweza kuuthibitisha. Mjomba wangu mkubwa, kaka wa mama, alikuwa amezeeka kwa kila jicho lililomtazama, lakini hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa hakuna aliyezaliwa bonde lile zama zake akaandikwa. Nilikuwa likizo nilipoandamana naye hadi kwa mtendaji. Mezani kulikuwa na kitabu cha stakabadhi chenye karatasi ya kaboni iliyochakaa katikati, na daftari la majina lililofungwa kwa uzi wa kitani. Mtendaji, kijana mwenye adabu, alisimama akamwamkia, kisha akakaa na kufungua daftari.

"Mzee, hapa umeandikwa miaka 54."

"Nani aliyeandika?"

"Nimelikuta hivyo, mzee."

"Mimi nimezaliwa mwaka wa nzige," alisema mjomba. "Mama alinificha chini ya ungo wakipita."

Mtendaji alimtazama, kisha akanitazama mimi niliyevaa shati la ofisini, kana kwamba mwaka wa nzige uko kwenye majalada yangu. Nilimweleza kwamba nzige wekundu waliivamia Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1930, jambo lililoandikwa na serikali yenyewe. Hakuridhika. Akaitwa bibi mmoja wa jirani, mkongwe zaidi ya mjomba, aliyekuja taratibu na fimbo yake. Aliulizwa kama anamfahamu huyu. "Nimembeba," alijibu. "Mwaka ule tulikula nzige mpaka tukawachoka, na huyu alikuwa bado hajaota meno." Mtendaji alikata ile 54 kwa mstari mmoja, akaandika umri mpya juu yake, akatia sahihi pembeni. Kisha akamwomba bibi aweke dole gumba.

Nimelitazama tukio lile kwa pande nyingi tangu hapo. Sheria ilikuwa imempa mjomba haki yake miaka mingi iliyopita, lakini alikuwa akiendelea kulipa kwa kukosa karatasi na kukosa mtu wa kumsindikiza. Kodi yenyewe ilifutwa nchi nzima kwenye bajeti ya mwaka 2003, Basil Mramba akiwa Waziri wa Fedha, serikali ya Rais Mkapa. Siku tangazo lilipotoka redioni, watu wa Kidete walisema kwamba sasa treni imekuwa ya abiria.

Turudi kwenye mshahara, maana hapo ndipo kodi ya mapato inapouma kila mwezi. Chukua mwalimu wa sekondari mwenye mshahara wa shilingi 800,000. Kwanza inatoka asilimia 5 ya mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, PSSSF, yaani 40,000. Mwajiri naye anaweka asilimia 15 yake. Huo mchango wa mfanyakazi hutolewa kabla kodi haijapigwa, na ni nafuu ya kweli ambayo wengi hawajui kuwa ni nafuu. Zinabaki 760,000. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20, yaani 48,000. Jumla ya PAYE ni 68,000. Mwenye kipato cha juu zaidi anapanda hadi asilimia 25, na kuanzia milioni moja asilimia 30. Baada ya PAYE mwalimu wetu anakatwa asilimia 3 ya bima ya afya, 24,000, na asilimia 2 ya chama, 16,000. Kama alisoma chuo kikuu kwa mkopo wa serikali anakatwa na asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, 120,000. Anabaki na 532,000.

Mwalimu huyo ninayemtaja yupo. Ni mpwa wangu, yule aliyekuja kwa treni na sanduku la mbao, na hesabu nimeiweka kwenye namba kamili ili ifuatike kwa urahisi. Ana mke asiye na ajira, watoto watatu, mama yake, na watoto wawili wa dada yake aliyefariki. PAYE yake ni ile ile ya kijana wa meza ya pili anayeishi peke yake.

Sisemi kwamba hakuna kilichofanyika. Kiwango cha chini cha PAYE kilikuwa asilimia 14, kikashuka hatua kwa hatua hadi 11, Rais Magufuli akakifikisha 9 mwaka 2016, na Rais Samia akakifikisha 8 mwaka 2021. Julai 2020 kipato kisichotozwa kilipandishwa kutoka 170,000 hadi 270,000 kwa mwezi. Nilikuwa bado kazini, na mwezi ule watumishi wa chini walikuja dirishani kuuliza kama nimekosea, maana kodi ilikuwa imepungua. Lakini kiwango kile kikabaki palepale huku kima cha chini cha mshahara serikalini kikipanda hadi 370,000 mwaka 2022, na hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Piga hesabu mwenyewe. Mtumishi wa 370,000, ukitoa mchango wa pensheni, alikatwa PAYE ya 6,520. Akifika 500,000 anakatwa 16,400. Ameongezewa mshahara, na ni jambo jema, lakini kodi yake imezidi mara mbili na nusu, na watu wa nyumbani kwake ni wale wale.

Kipato hicho kisichotozwa ndicho nafuu pekee tuliyo nayo kwenye jedwali, na hakimuulizi mtu ana nani nyumbani. Kenya waliwahi kuwa na nafuu ya mseja na nafuu ya mwenye familia, kila moja na kiasi chake. Katika miaka ya 1990 wakaziunganisha kuwa nafuu moja ya kila mlipaji, ambayo tangu 2020 ni shilingi 2,400 za Kenya kwa mwezi. Kuna jambo moja kwenye nafuu ya Kenya ambalo ningependa wabunge wetu walitazame kwa makini. Haipunguzi kipato kinachotozwa. Inakatwa kwenye kodi yenyewe. Tofauti hiyo ni kubwa. Tuseme serikali inaruhusu mtu atoe shilingi 50,000 kwenye kipato chake kwa ajili ya mama yake. Anayetozwa asilimia 30 ataokoa 15,000. Anayetozwa asilimia 8 ataokoa 4,000. Mama wa mkurugenzi atakuwa amethaminiwa karibu mara nne ya mama wa mhudumu. Lakini ukikata kiasi kimoja kwenye kodi yenyewe, tuseme 10,000, mkurugenzi na mhudumu wanaokoa sawa.

Nina ndugu wa ukoo aliyehamia Minnesota, Marekani. Huko wanalipa kodi ya mapato mara mbili, ya nchi na ya jimbo, na kila jimbo lina taratibu zake. Minnesota katika mwaka wa kodi wa 2023 ilianza kutoa nafuu ya dola 1,750 kwa kila mtoto wa familia yenye kipato cha chini, na hata asiyedaiwa kodi yoyote anapewa fedha hiyo mkononi. Aliponieleza kwa simu nilinyamaza kwa mshangao. Kisha nikamuuliza kama wale wapwa zake wawili wa Kidete anaowatumia fedha za shule wamo. Hawamo. Mtoto lazima awe anaishi naye kule. Sheria ile ni ya ukarimu sana, na bado ujomba umeishinda.

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli, nami sitaki kuukwepa. Tukisema kodi ihesabu familia, ni familia ipi? Waziri anayeandika mke na watoto wanne ameiandika familia ya vitabuni. Kidete ataacha nje nusu ya watu wanaolishwa na mshahara. Akiandika kila anayetegemea, watumishi wataleta orodha za ukoo mzima, na karani wa mishahara atageuzwa hakimu. Nilikaa dirisha lile muda mrefu wa kutosha kujua kwamba watu wema, wakibanwa, huongeza jina.

Ila serikali yenyewe ina majibu tayari, tena mawili, kwenye ofisi nyingine. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya unapokea mchango wa mtumishi na kumruhusu aandikishe mwenza wake na wategemezi wanne: watoto, au wazazi, au wakwe. Watu sita kwa mchango mmoja. Mama wa mpwa wangu anatibiwa Kilosa kwa kadi inayotokana na mshahara ule ule ambao kwa upande wa kodi unasema mwanawe hana mtu. Jibu la pili ni TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Mpango wake wa kunusuru kaya maskini, ulipoanza kutoa ruzuku, uliweka shilingi 10,000 za msingi kwa mwezi kwa kaya, ukaongeza 4,000 kwa kaya yenye mtoto, 2,000 kwa mtoto wa shule ya msingi anayehudhuria, zaidi kwa wa sekondari, kwa kikomo cha 38,000. TASAF hawaulizi kama mtoto ni wa kuzaa. Wanauliza nani anaishi hapa na kula hapa. Bibi mmoja wa kitongoji chetu analea wajukuu na mtoto wa jirani aliyekufa, na wote waliandikwa. Kwa maofisa wale waliokuja kuuliza mlangoni kwake, nina heshima kubwa.

Kwa hiyo kwa kodi mpwa wangu ni mmoja, kwa bima ni sita, na angekuwa fukara angekuwa kaya nzima. Hesabu tatu za nchi moja, juu ya mtu mmoja mwenye namba moja ya kitambulisho cha taifa.

Kuhusu wastaafu niseme ninachokiishi sasa. Pensheni ya kila mwezi inayotoka kwenye mfuko haikatwi PAYE. Mzee anaipokea kama ilivyopigwa. Kinachowaumiza wastaafu wa upande wetu ni kikokotoo, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya mafao. Mfuko wa PSSSF uliundwa 2018 kwa kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Mwaka huo huo kanuni mpya zilishusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25, watumishi wakalia, na Desemba Rais Magufuli akazisitisha. Julai 2022 ukaja mkupuo wa asilimia 33, na kwenye bajeti ya 2024 serikali ikatangaza asilimia 40. Anayekaribia miaka 60 asisubiri kuambiwa na wenzake kwenye gari. Aombe taarifa ya michango yake mwaka mmoja mmoja na kuilinganisha na hati zake za mshahara. Nimeona watumishi waliohamishwa vituo mara nyingi wakigundua mapengo ya miezi, na pengo la mwaka 1994 ni gumu kulifukia aliyekuwa mwajiri akishafungasha.

Lipo na lile la kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa mtu akinunua umeme wa LUKU, mwanzoni 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 1,500 kuanzia 2023. Mzee wa miaka 60 anayeishi kwenye nyumba yake anastahili kusamehewa nyumba hiyo. Lakini mita ya umeme haijui umri wa mtu. Muuguzi mstaafu ninayemfahamu kule Mikumi, jirani na barabara kuu, alikuwa anakatwa kila mwezi akidhani ndivyo ilivyo kwa wote. Mwanawe alipomweleza kuhusu msamaha alisema 1,500 haina maana ya kupanda ngazi za ofisi. Nilimwambia kwamba kwa mwaka ni 18,000, na kwamba sheria ilishampa, kilichobaki ni kwenda kuichukua. Alikwenda na kitambulisho chake cha taifa na karatasi za nyumba. Nilimkumbuka mjomba na bibi yule wa dole gumba. Safari hii umri ulikuwa umeandikwa, hakuhitajika shahidi wa nzige, lakini bado alihitajika mtu wa kumwambia mama aende.

Wakulima, ambao ndio wengi Kidete, hawaoni PAYE kabisa. Wao wanakutana na ushuru wa mazao kwenye kizuizi, uliopunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na anayesafirisha chini ya tani moja akaachwa apite. Nafuu kubwa kwa kaya hizo imekuwa elimu bila ada, kuanzia Januari 2016 hadi kidato cha nne, na kuanzia 2022 hadi cha sita. Hiyo nayo ni nafuu ya kodi kwa njia nyingine, tena inawafikia wapwa.

Ninachokitaka kwenye sheria ya mapato ni kidogo na kinapimika. Nafuu ya kiasi kimoja, inayokatwa kwenye kodi yenyewe wala siyo kwenye kipato, kwa kila mtegemezi ambaye bima ya afya imeshamkubali. Kwa 10,000 kwa kila mmoja wa wategemezi wanne, PAYE ya mpwa wangu ingeshuka kutoka 68,000 hadi 28,000. Ya kijana wa meza ya pili ingebaki ilivyo, na hakuna haki yake iliyoguswa. Hazina itauliza pengo litazibwa na nini, na ni swali la halali. Basi ianze na wazazi waliotimiza miaka 60 peke yao. Majina yao yako kwenye kompyuta za serikali, na namba za vitambulisho, na tarehe za kuzaliwa. Hakuna karani atakayelazimika kuwa hakimu. Watoto wa dada wafuate baadaye, kwa barua ya serikali ya kijiji inayothibitisha wanaishi kwa nani, kama TASAF walivyothibitisha mlango kwa mlango.

Kila mwaka, kabla ya bajeti ya Juni, Wizara ya Fedha hualika wananchi kutoa maoni ya kuboresha kodi. Wanaoitikia ni vyama vya wafanyabiashara na makampuni ya ukaguzi wa hesabu, wenye watu wa kuwaandikia. Mimi nimeandika ya kwangu, na mpwa wangu ameichapa. Ukurasa wa pili una jedwali la mishahara mitano, kuanzia 500,000, na mbele ya kila mmoja kodi ya sasa, kodi ambayo ingekatwa kama mama mmoja angehesabiwa, na tofauti yake. Nimewaomba walimu wa shule zetu, manesi wa zahanati na watu wa stesheni waisome na kuikosoa kabla haijatumwa Dodoma. Wauguzi wawili wamesharudisha nakala zao. Wote wawili wameongeza jambo moja pembeni kwa kalamu: kwamba mkwe naye awemo, kwa sababu kwenye bima yumo.